Si UTI sugu: uzi wa wenye maumivu ya neva ya nyonga, mkojo unaosumbua na choo kinachogoma

FundiKoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na unagusa sehemu ambazo tunaona haya kuzitaja hata mbele ya daktari. Nitazitaja kwa heshima, lakini nitazitaja. Haya maneno yetu ya "huku chini, daktari" ndiyo yanafanya mtu atibiwe kitu kingine kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Kazi yangu ni kukaa. Benchi la mbao, umeinama mbele, mguu kwenye pedeli, na msimu wa sare za shule ukifika unakaa mpaka usiku wa manane. Maumivu yalianza kama muwasho wa ndani pale msambani, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, zaidi upande wa kushoto. Baadaye ukawa moto. Nikikaa ni kama nimekalia gunzi la muhindi lililotolewa jikoni sasa hivi. Nikisimama unapungua, nikilala unaisha. Asubuhi naamka mzima, ikifika saa 5 sijiwezi.

Mkojo nao ukafuata. Naenda haja ndogo, natoka, sijafika kwenye mashine nimebanwa tena. Nikisimama chooni mkojo unasita, unaanza, unakatika, na nikishafunga zipu ndiyo matone yanashuka. Haja kubwa ndiyo balaa: nasukuma, inatoka kidogo, nabaki na hisia kwamba kuna kitu hakijatoka, halafu moto unawaka saa kadhaa baada ya hapo. Tendo la ndoa sisemi sana, ila mwenye tatizo hili anajua bili inaletwa kesho yake.

Jibu nililopewa mnalijua: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kijiti kwenye mkojo, chembe za usaha mbili tatu, cipro. Haikupona, azuma. Haikupona, sindano za ceftriaxone asubuhi na jioni. Ilipogoma kabisa ikapewa cheo: UTI sugu. Katika vituo vyote hivyo hakuna aliyeagiza mkojo uoteshwe maabara kuona kama una bakteria mpaka nilipoomba mwenyewe, na ulipooteshwa haukuota kitu. Ultrasound ikaonyesha figo safi, kibofu safi, tezi dume ya kawaida. Kituo kingine wakasema bawasiri. Nyumbani shangazi akasema ngiri, nikachemshiwa mizizi michungu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Aliyefungua njia ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyeelekezwa kwake kwa ajili ya mgongo. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Maumivu yanakuamsha usiku? Hapana. Ukikaa kwenye choo cha sinki unaumia kama unavyoumia kwenye kiti? Nikabaki namwangalia, maana ile ndiyo sehemu pekee duniani ninayokaa bila kuumia. Akasema: pale katikati pako wazi, hakuna kinachogandamiza msamba. Akachukua karatasi akanichorea.

Kuna neva inaitwa pudenda, iko kulia na kushoto, kwa wanaume na wanawake. Mizizi yake inatoka chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye sakramu, ngazi ya 2, 3 na 4. Inapita nyuma ya ncha ya mfupa wa nyonga, inajipenyeza kati ya kano mbili ngumu, kisha inaingia kwenye mfereji mwembamba unaoitwa mfereji wa Alcock, kwa jina la Benjamin Alcock, mwanaanatomia wa Ireland aliyeueleza mwaka 1836. Njiani inagawanyika matawi 3: moja linakwenda njia ya haja kubwa, moja msambani, moja kwenye uume au kinembe. Inabeba hisia za eneo lote hilo, na ndiyo inayopeleka amri kwa misuli inayofunga mkojo na choo. Ikibanwa au ikivutwa mahali popote kwenye safari hiyo, unaumwa mbele, nyuma na katikati, na vyoo vyote viwili vinavurugika, wakati mkojo wenyewe hauna mdudu hata mmoja.

Mwaka 2006 wataalamu walikaa Nantes, Ufaransa, wakakubaliana vigezo 5, vikachapishwa 2008. Maumivu yawe kwenye eneo la neva hiyo. Yazidi ukikaa. Yasikuamshe usingizini. Daktari akipima ngozi ya eneo hilo asikute ganzi ya kweli. Na ukichomwa dawa ya ganzi kwenye neva yenyewe, maumivu yapungue. Mimi nina vinne vya kwanza. Cha tano sijapimwa, na nitaeleza mbele kwa nini sikukikimbilia.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja tu: ukiwa na dalili zote za UTI halafu mkojo ulioteshwa vizuri hauoti kitu, acheni kumtafuta mdudu kwa antibayotiki nyingine kali zaidi. Ulizeni habari za neva na misuli.

Naendelea kwenye bandiko linalofuata, wateja wamefika.

TibaAsilia_255

Pole sana mkuu. Hiyo ni ngiri ya ndani imekaa muda mrefu. Nina dawa ya unga, siku 14 unasahau kabisa. Njoo PM.

FundiKoti

Mkuu, ya unga nimeshakunywa, ya majani nimeshakunywa, ya kuoga nimeshaoga. PM siji. Kama unaijua ngiri ya ndani eleza hapa hapa inapita wapi, watu wasome.

Naendelea. Mambo yaliyonisaidia, na niwe mkweli, sijapona. Nafanya kazi, nasafiri, nacheka, ila sijapona.

Kwanza benchi. Nimeinua meza ya kukatia, vitambaa nakata nimesimama, vifungo na upindo wa mkono nafanya nimesimama. Kukaa kwenye cherehani nimekukatakata vipande vifupi, na nakalia mto niliojishonea wenye nafasi katikati.

Pili, dawa. Panadol na diclofenac hazikugusa kitu, na daktari alinieleza kwamba maumivu ya neva hayaendi na dawa hizo. Akanianzisha amitriptyline, nusu ya kidonge cha miligramu 25, usiku, akasema tutapanda polepole. Wiki za mwanzo mdomo mkavu, asubuhi kichwa kizito. Nilitaka kuacha. Baada ya muda ule moto ukawa joto. Hapo ndipo nilipo.

Tatu, na hapa vijana mnisikilize: mazoezi ya kegel. Mitandao imejaa "bana kama unazuia mkojo, hesabu kumi, nguvu zitarudi". Nilipopimwa, misuli yangu ya sakafu ya nyonga ilikuwa imekaza muda wote kama ngumi, na mimi nilikuwa naikaza zaidi. Mtaalamu alinisimamisha siku ile ile. Ninachofanya sasa ni kinyume: nalala chali, magoti kifuani, navuta pumzi mpaka tumbo linapanda, na wakati wa kuvuta naachia msamba ushuke. Hakuna kutoka jasho, na nilidharau kwa sababu hiyo. Lakini mkojo umeacha kusita kwa zoezi hili, si kwa kidonge.

Nne, choo. Nilipata shida kwa kusukuma, na kila kusukuma kunaivuta ile neva. Sasa nakula papai, mchicha, maharage, ispagula (unga wa nyuzinyuzi) ya duka la dawa nusu kijiko kwenye maji mengi. Na nimeacha kukaa chooni na simu.

Kamanda_Mkuyuni

Mkuu, amitriptyline si ndiyo ile ya hospitali ya Mirembe? Isije ikawa tatizo lako ni mawazo tu, wakakupa dawa ya wagonjwa wa akili kwa lugha ya neva. Nauliza kwa nia njema.

Fizio_Moshi

Kamanda, swali lako wanaliuliza wagonjwa wengi, wengine wanasoma karatasi ya ndani ya boksi na kuitupa dawa. Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona. Kwa sonona dozi huwa kubwa zaidi. Kwa maumivu ya neva hutumika dozi ndogo, mara nyingi kuanzia miligramu 10 mpaka 25 usiku, kwa sababu inapunguza jinsi neva na uti wa mgongo unavyosafirisha taarifa za maumivu. Wenye kisukari wanaoungua nyayo wanapewa hiyo hiyo.

Mimi ni mfiziotherapia, nimesomea KCMC. FundiKoti ameeleza vizuri, ila niongeze mambo ambayo yanaweza kumdhuru mtu akiiga tu.

Amitriptyline inakausha mdomo, na inakausha utumbo pia, na inaweza kufanya mkojo ugome kutoka. Mtu ambaye tayari anapata shida ya choo kigumu na kibofu kisichoisha lazima amwambie daktari kabla, na mzee mwenye tezi dume kubwa, presha ya macho au tatizo la mapigo ya moyo ndiyo zaidi. Usichanganye na tramadol bila daktari kujua. Zikikutana zinaongeza hatari ya degedege. Na usiikate ghafla. Zipo nyingine, gabapentin, pregabalin, duloxetine, kila moja na madhara yake, na mwenye figo mbovu dozi ya hizo mbili za kwanza lazima ipunguzwe.

Kuhusu kegel, fundi yuko sahihi kwa mwili wake. Lakini mama aliyejifungua na mkojo unamtoka akipiga chafya anaweza kuwa na misuli iliyolegea, na huyo kegel ndiyo tiba yake. Bila kupimwa hujui uko upande gani. Kupimwa maana yake ni kidole chenye glavu, ukeni au kwenye njia ya haja kubwa, kwa ridhaa yako, na ndugu yako akikaa chumbani ukitaka. Dakika chache tu. Wanaume ndio wanaokimbia zaidi, nasema nilichokiona.

Na sasa lile la lazima. Ukiona ganzi msambani na mapaja ya ndani, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo umegoma kabisa au unatoka huhisi. Choo kinakutoka bila habari. Miguu yote miwili inalegea: hiyo si neva ya pudenda ya kulea nyumbani. Kifungu cha neva za mwisho wa uti wa mgongo kinaweza kuwa kimebanwa, wenyewe wanaita kauda ekwina. Ni dharura ya saa hiyo hiyo, MRI na pengine upasuaji, hospitali yenye madaktari wa mgongo kama MOI pale Muhimbili. Usingoje Jumatatu, maana neva za kibofu zikichelewa kufunguliwa zinaweza zisirudi.

mama_wa_Kibaha

Nimesoma nikalia. Mimi ilianza baada ya uzazi wa kwanza. Uchungu ulichukua muda, nikachanika, mtoto akatolewa kwa kuvutwa. Tangu hapo nikikaa nawaka, na nikisikia haja kubwa sina hata dakika ya kufika chooni. Hewa inatoka mbele za watu sina uwezo wa kuizuia. Kanisani nakaa mlangoni. Hospitali nasema "nina UTI" kwa sababu ndilo neno pekee linalotamkika. Mama mkwe anasema chango.

Fizio_Moshi

Dada, pole, na umefanya vema kuandika. Neva ya pudenda huvutika wakati kichwa cha mtoto kinapita, hasa uchungu ukiwa mrefu au kikitumika chombo. Kwa wengi inajirudi yenyewe katika miezi inayofuata, kwa wengine inabaki na hitilafu. Lakini kwako kuna jambo jingine la kuangaliwa kwanza: ule mchaniko huenda ulifika kwenye msuli wa kufunga haja kubwa na haukushonwa sawasawa. Hilo linatengenezeka. Nenda kwa daktari wa wanawake, na ukifika sema hivi hivi: "Choo na hewa vinanitoka bila kuzuia tangu nijifungue, na nikikaa naungua." Ukisema UTI utapewa dawa ya UTI.

Kwa wengine wanaosoma: mkojo au choo kikipita ukeni mfululizo, usiku na mchana, baada ya uzazi mgumu, hiyo ni fistula, tundu kabisa. Hospitali ya CCBRT Dar wamekuwa wakiwatibu kina mama wa fistula miaka mingi bila kuwatoza. Usijifungie ndani.

mama_wa_Kibaha

Asante kaka. Nimeiandika hiyo sentensi kwenye simu, nitamwonyesha daktari aisome kama mdomo utagoma.

Tabibu_Shy

Niko kanda ya Ziwa, nawaunga mkono ila naona uzi unaanza kuegemea upande mmoja. Mdudu yupo, wakuu, ila wakati mwingine si yule anayetafutwa.

Huku kwetu mtu akija na mkojo wa mara kwa mara, maumivu ya kinena na damu mwisho wa kukojoa, nafikiria kichocho kabla ya neva. Ukanda wa pwani na Unguja na Pemba vilevile. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa saa 12 asubuhi unaweza kukudanganya kwamba huna. Kwa wanawake kichocho kinakaa hata kwenye mlango wa kizazi na uke, kinaleta maumivu na kutokwa damu, wakatibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo. Dawa ni praziquantel, kwa uzito wa mwili.

Halafu kuna TB. Mkojo una usaha mwingi, unaoteshwa hauoti bakteria wa kawaida, mgonjwa anakonda, jioni ana homa. Hapo usiseme "hakuna kitu kimeota, ni neva." TB ya figo na kibofu haioti kwenye maabara kwa njia ya kawaida. TB ya uti wa mgongo nayo inaweza kuzibana neva zile zile za kibofu. Na kisukari: kinaua neva za kibofu taratibu, mtu anajaa mkojo hajui. Sukari ipimwe kwa kila mmoja wenu, ni tone la damu tu.

Kwa hiyo kuotesha kwa maana ni hivi: mkojo wa katikati, chombo safi cha maabara, KABLA ya kumeza antibayotiki. Wengi wanakuja wamekula cipro siku 3, tunaotesha nini? Na cipro yenyewe si pipi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kwenye kundi zima la dawa hizo kwamba zinaweza kuharibu neva, na madhara yakabaki. Mtu ana ugonjwa wa neva anapewa kozi juu ya kozi ya dawa yenye onyo la neva. Mimi hilo linaniuma kama tabibu.

FundiKoti

Tabibu, hili la saa 4 mpaka saa 8 nilikuwa silijui, nashukuru. Mods mkiweza libandikeni juu.

BintiMkunazini

Assalaam aleykum. Miye niko Maskati, mzaliwa wa Unguja. Yangu ni kama ya kaka fundi, na matone ndiyo yanayonikosesha raha, kwani kila nikitawadha nahisi nimetokwa. Natawadha, narudi, natawadha, mpaka wakati wa sala unakaribia kunitoka. Na nikikaa tahiyatu ile kisigino kinapogusa, nachomwa. Daktari wa hapa kaniambia neva, dawa napata, lakini nani ataniambia habari ya udhu?

Ustadh_wa_Ng'ambo

Wa aleykum salaam dada. Dini ina wepesi hapo, na madhehebu yetu ya Shafi yameshalieleza. Mwenye salasul bauli, yaani asiyeweza kuzuia mkojo, husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, huweka kitambaa au pedi, hutawadha, na husali pale pale bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo hakimbatilishii. Udhu huo ni wa faradhi moja, na sunna atakazo. Kwa faradhi nyingine hurudia. Ama kikao, mgonjwa hukaa awezavyo; kikao cha tahiyatu cha namna ile ni sunna. Na ukiwa ni wasiwasi tu wa matone, huna yakini, usiufuate. Muulize na mwalimu wako wa karibu akuone hali yako.

Baiskeli_Eldy

Salamu kutoka Eldoret. Mimi nilikuwa naendesha baiskeli ya mbio, tandiko nyembamba, kilomita nyingi kila Jumamosi. Nikaanza kufa ganzi huko chini, nikaona ni kawaida, hata wenzangu wote walikuwa wanafanyia utani. Baadaye ganzi ikageuka maumivu, na mkojo ukawa unachelewa kutoka. Nikasoma kwamba wale waliofafanua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kama neva kubanwa kwenye ule mfereji, kina Gérard Amarenco wa Ufaransa mwaka 1987, waliuita kupooza kwa msamba kwa waendesha baiskeli. Kumbe si mimi wa kwanza. Nimebadilisha tandiko likawa la kukatwa katikati, nikashusha mbele yake kidogo, na zaidi ya yote nikapumzika. Imepungua sana. Wa bodaboda, na nyinyi mnaketi kutwa. Ganzi ikija, shuka utembee, usiseme ni kawaida ya kazi.

Msafiri_Kahama

Wakuu, mimi swali langu ni safari. Basi la Kahama kwenda Dar ni kutwa nzima. Nikimwambia konda nataka kuchimba dawa, mara ya kwanza anasimamisha, ya pili ananiangalia, ya tatu abiria wananizomea. Nimeanza kusafiri bila kunywa maji tangu jana yake.

FundiKoti

Mkuu, hilo la kukaa bila maji ndilo linakuumiza. Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, unabanwa zaidi, na choo kinakuwa jiwe. Kunywa kidogo kidogo, acha chai na kahawa na soda za kola siku hiyo, maana kafeini inachochea. Mimi nakaa kiti cha pembeni ya njia, nasimama vipande, nikiulizwa nasema mgongo. Mwambie konda kabla basi halijaondoka, kwa sauti ya chini, mpe na ya maji. Ukimwambia barabarani mbele za watu unamtia kwenye ubishi na dereva. Na kuanzia Dodoma kuja Dar chukua treni ya SGR, tangu 2024 inakwenda, ina choo, na unatembea ndani utakavyo. Hiyo reli kwangu ni dawa kuliko vidonge.

Mnyaki_Leicester

Habari za huko. Mimi nipo Uingereza, nimechomwa ile sindano ya kigezo cha tano. Unalala kifudifudi, wanakuongoza kwa picha mpaka karibu na neva, ganzi na steroidi. Niliamka nikakaa kwenye kiti cha hospitali kama binadamu wa kawaida, nikapiga simu nyumbani Tukuyu nikiwa nimekaa. Ilidumu wiki chache ikaisha. Kwa hiyo imethibitisha ugonjwa ila haikuniponya, na wapo ambao inawadumu zaidi. Upasuaji wa kuifungua neva upo, lakini hata huku hawakuharakishii, kwa sababu si kila aliyefunguliwa anapona, na neva huchukua muda mrefu kutulia.

Kilichonisaidia zaidi na hakina gharama ni daftari la mkojo. Siku 3: saa ngapi umekunywa nini, saa ngapi umekojoa, kiasi gani kwa kikombe cha kupimia. Mtu mzima kwa kawaida hukojoa mara 6 mpaka 8 kwa saa 24, na kibofu hubeba kama mililita 300 hadi 500. Mimi nilikuwa naenda na mililita 80. Kumbe nilishajizoesha kwenda "kwa tahadhari" kabla ya kila kikao, kabla ya kila basi, kibofu kikasahau kujaa. Nikafundishwa kusogeza dakika kidogo kidogo.

Na jambo la kuchekesha: huku wananiuzia kigoda cha plastiki cha kuwekea miguu chooni, magoti yapande juu ya nyonga, eti ule msuli unaokunja utumbo wa mwisho uachie. Choo cha kuchuchumaa cha bibi yangu kilifanya kazi hiyo bure.

FundiKoti

Mnyaki umenijibia. Hiyo ndiyo sababu sikuikimbilia sindano: nauli, gharama, na nafuu niliyonayo inanitosha kufanya kazi. Ikirudi kama zamani nitaitafuta.

Mke_wa_mmoja_wenu

Niseme na sisi wa pembeni. Mume wangu ana hili tatizo na hakuniambia. Nilijua ana mtu nje, maana alinikwepa chumbani na simu ya hospitali alikuwa anaificha. Na alipotibiwa gono ambayo haipo, na mimi nikanyweshwa dawa za gono. Tumeshafika kwa wazazi ndipo akasema. Jamani semeni mapema. Siku hizi tunajua siku zake nzuri, na anameza ile dawa mbele yangu.

Kamanda_Mkuyuni

Shem, umenigusa. Na mimi nirudi nilikotoka: swali langu la Mirembe lilikuwa langu mwenyewe, sikuuliza kwa ajili ya fundi. Nina boksi la amitriptyline kabatini sijalifungua. FundiKoti, huo mto unauza? Mimi ni dereva wa lori.

FundiKoti

Kamanda, siuzi, ila nakupa vipimo, fundi yeyote wa makochi anaweza. Chukua sponji ngumu, lile la godoro zito, si lile jepesi la njano ambalo likikaliwa wiki moja limelala chapati. Kata vipande viwili, kila kimoja urefu sentimita 40, upana 15, unene 8. Vilaze sambamba, kimoja chini ya kila tako, katikati acha nafasi sentimita 7 kutoka mbele mpaka nyuma, wazi kabisa. Gundisha juu ya plaiwudi nyembamba ya sentimita 40 kwa 37 ili visisogee. Mfuko ushone kwa jinzi, zipu iwe nyuma isikuguse, na kitambaa cha juu kisivutwe kikakaza pale katikati, maana kikikaza kinarudi kukugandamiza msamba na umepoteza kazi yote. Usinunue lile duara lenye tundu la wagonjwa wa bawasiri. Kwa ugonjwa wetu linauvuta msamba chini.

Kwenye lori utapanda juu hizo sentimita 8, kwa hiyo rekebisha kiti na vioo kabla hujaingia barabarani. Na lile boksi usilifungue leo kwa sababu ya uzi. Lipeleke kwa daktari aliyekuandikia, mwambie unaendesha lori, akupangie saa ya kumeza.